Nzuri, Ila

Hujambo, msomaji? Habari za huko uliko? Za nyumbani, za kazi, za watoto? Vizuri. Mimi pia sijambo, nashukuru. Mguu wangu wa kulia umening'inizwa kwenye chuma juu ya kitanda cha hospitali, na mwisho wa kamba wamefunga mfuko wa mchanga unaouvuta mchana kutwa, lakini hilo nitalifikia kwa utaratibu wake. Kwetu Salamia hatuanzi na miguu, tunaanza na salamu.

Jina langu ni Fikirini. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa takwimu katika Wizara ya Utulivu wa Majumbani, Idara ya Wasiojiweza Wanaojiweza. Wageni hulicheka jina la idara hii kwa sababu hawajaelimishwa. Wasiojiweza Wanaojiweza ni wazee, wagonjwa na walemavu wanaoishi peke yao majumbani mwao. Hawajiwezi, ndiyo maana wanastahili msaada. Lakini pia wanajiweza, ndiyo maana hawaupati. Jina lilitungwa na kamati.

Nataka kuwasimulia jinsi nchi yetu ilivyokomesha hatari majumbani, maana najua ninyi wa nchi jirani bado mnaanguka.

*

Waziri wetu, Mheshimiwa Sudi Kipengele, alizindua Mpango wa Usalama Shingoni katika uwanja wa taifa, mbele ya wazee mia tatu waliosimamishwa juani tangu saa mbili asubuhi ili wafurahi. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kila mzee anayeishi peke yake angevaa shingoni kidude cha plastiki chenye kitufe chekundu. Akipatwa na dharura angekibonyeza, na mpokezi wa Kituo cha Taifa cha Kupokea Vilio angemjibu hapo hapo kupitia kidude hicho hicho. Kisha gari la msaada lingetoka.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa. "Kuanzia leo hakuna mzee wa Salamia atakayeanguka peke yake! Akianguka, ataanguka pamoja na Serikali yake!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Wazee wanne walianguka wakati ule ule kwa sababu ya jua, lakini vidude vilikuwa bado havijagawiwa, kwa hiyo hawakuhesabiwa. Watu wa mitaani, ambao hawakosi neno, walikiita kidude kile kengele ya mbuzi.

Mwanzoni mambo yalikwenda ovyo. Mpokezi alikuwa akipokea kilio na kuuliza moja kwa moja, "Una shida gani?" Siku moja kilio kilitoka kwa jaji mstaafu aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Mpokezi akamuuliza shida yake. Jaji, na mwiba wake kooni, akajibu kwa shida, "Wewe mtoto wa nani? Hujui kuamkia watu?" Mwiba ulitoka wenyewe kwa hasira, naye akaandika barua ya kurasa kumi na nne kwenda Ikulu.

Kamati iliundwa. Ilikaa miezi kumi na moja, ikanywa chai nyingi, na ikagundua kwamba tatizo halikuwa mwiba. Tatizo lilikuwa adabu. Basi ukaandikwa Mwongozo wa Kupokea Vilio, Toleo la Saba, ambao kanuni yake kuu ilibandikwa ukutani Kituoni kwa herufi za shaba: SALAMU KWANZA. Mpokezi atoe shikamoo, aitikiwe marahaba, kisha aulize "Habari za hapo?" na asikilize jibu.

Kwa kuwa binadamu husikia mambo kwa kupendelea, kazi ya kusikiliza jibu ilipewa mashine iliyoletwa kutoka ng'ambo, tukaiita Sikio la Taifa. Kamati iliifundisha maneno sitini na manne ya hali njema: nzuri, njema, salama, shwari, sijambo, tunamshukuru Mungu, tupo. Palikuwa na mabishano ya siku tatu kuhusu "hivyo hivyo tu", lakini mwishoni likaingizwa. Mashine ikisikia neno mojawapo, inafunga simu, inasema, "Asante kwa kuwa salama," na kupiga beti mbili za wimbo wa taifa. Wimbo ukiendelea kitufe hakifanyi kazi, maana si heshima. Ikisikia neno lingine, inatoa karatasi ya njano, na gari haliwezi kuondoka bila karatasi ya njano.

Sasa wewe ni Mswahili kama mimi. Niambie, ulimsikia lini mtu wetu akiulizwa habari akajibu kitu kingine? Mtu amefiwa na baba, nyumba imeezuliwa na upepo, mwenyewe ana homa. Muulize habari za huko. Atasema, "Nzuri, ila tumepatwa na msiba." Kwetu habari zote ziko baada ya "ila". Hata mtoto wa miaka mitano anajua kwamba ukimsalimia mtu unangoja "ila" yake. Sikio la Taifa halikufundishwa kungoja.

Matokeo yalikuwa mazuri kupita matarajio. Katika miaka mitano vitufe vilibonyezwa mara elfu arobaini na moja mia mbili na kumi na moja, na kila mara, bila kukosa hata moja, mtu alikuwa salama. Niliziandika mwenyewe kwa mkono. Wataalamu walitoka nchi za mbali kuja kuona, wakaketi nyuma yetu wakitikisa vichwa, na sisi tukawatengenezea vyeti.

*

Mtaani kwetu, Mtaa wa Tahadhari, aliishi Mwalimu Mwanaheri Pazi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa, mjane, watoto wake wako mbali, na alikuwa amekataa katakata kuhamia kwao. "Nitakufa nikiwa na funguo zangu," alikuwa akisema. Kwa miaka thelathini na nane alifundisha darasa la tatu, na nusu ya Serikali ilipita mikononi mwake, mimi nikiwemo, na Mheshimiwa Kipengele pia. Alitufundisha kusoma na kujumlisha, lakini hasa alitufundisha kusalimia. Mtoto aliyeingia darasani bila salamu alitolewa nje aingie upya. Mtoto aliyezungukazunguka katika jibu aliambiwa maneno manne ambayo nayasikia hadi leo: "Jibu swali uliloulizwa." Ni matatu? Mtanisamehe, hesabu sikuzishika vizuri, nilipelekwa kwenye takwimu.

Ukuta kwa ukuta na Mwalimu aliishi Mama Shija, mpika vitumbua, mwanamke mwenye mikono minene na sauti ya kuita kuku. Kabla ya Mpango alikuwa na tabia ya kizamani. Kila asubuhi alipiga kelele juu ya ukuta, "Mwalimu, kwema?" Mwalimu alijibu, "Kwema, ila chumvi imeniishia," na chumvi ikapita juu ya ukuta. Au, "Kwema, ila goti hili," na Mama Shija akazunguka na mafuta ya kuchulia.

Wizara ililiona jambo hili kuwa hatari. Mzee aliyekwisha saidiwa na jirani habonyezi kitufe, na asipobonyeza hahesabiwi kuwa salama. Kwa hiyo kila jirani wa mzee alitakiwa kutia sahihi Tamko la Kutojihusisha. La Mama Shija nilimpelekea mimi mwenyewe.

"Yaani nisimuulize hali?" aliniuliza, unga ukiwa umemjaa hadi kwenye viwiko.

"Hali yake itaulizwa na wataalamu, Mama Shija."

"Na akiniita?"

"Hatakuita. Atabonyeza."

Akatia sahihi kwa kidole chenye unga. Kwenye lango la Mwalimu tukapigilia kibao cha mbao: NYUMBA HII INAANGALIWA NA SERIKALI. JIRANI, TULIA. Mwalimu alikitazama kupitia miwani yake, akasema kimekosewa nafasi kati ya maneno, akaingia ndani.

*

Ilikuwa siku moja kabla ya sherehe ya Miaka Mitano Bila Hatari. Rais mwenyewe angehudhuria. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeketi Kituoni na daftari langu, nyuma ya mpokezi aitwaye Siwatu, binti mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Taa ikawaka.

"Shikamoo, bibi," alisema Siwatu.

"Marahaba, mwanangu."

Niliijua sauti ile mara moja.

"Habari za hapo?"

"Nzuri, ila nime…"

"Asante kwa kuwa salama," likasema Sikio la Taifa, na wimbo ukaanza.

Nikaandika Salama. Wimbo ulipokwisha, taa ikawaka tena. Safari hii Mwalimu alijaribu kukimbiza maneno. Baada ya marahaba na habari alitoa maneno yote kwa pumzi moja, "Nzurilanimeangukajikoni!" Mashine ilisikia nzuri. Mara ya tatu hakungoja shikamoo, alisema tu, "Nimeanguka jikoni, siwezi kuinuka, na maharage yako motoni." Mashine ikamjibu, "Salamu haijasikika. Tafadhali kuwa na adabu." Kuambiwa vile, yeye! Nadhani lilimuuma kuliko mguu.

Mara ya nne Siwatu alimtambua.

"Mwalimu? Mwalimu Mwanaheri? Ni mimi Siwatu, Mwalimu! Wa darasa la tatu B, nilikuwa nakaa karibu na dirisha! Jamani, Mwalimu wangu, hujambo?"

"Sijambo, Siwatu. Umekuwa mkubwa. Ila…"

Wimbo. Siwatu alivua visikilizio na kunigeukia, machozi yamemlengalenga.

"Bwana Fikirini, Mwalimu ameanguka."

"Nimesikia."

"Tutume gari."

"Karatasi ya njano iko wapi?"

"Hakuna. Lakini wewe mwenyewe umesikia!"

"Mimi si Sikio la Taifa, Siwatu."

Moyo uliniuma, sikatai. Yule mama ndiye aliyenishika mkono nikajifunza kuandika jina langu. Niliandika Salama, mwandiko ukawa mbaya, ikabidi niandike upya.

Mara ya tano Mwalimu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Aliulizwa habari za hapo, akavuta pumzi, akasema, "Mbaya." Siwatu akaruka kitini. Mashine ikatamka kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika huko: "Umesema hali mbaya. Ili kuthibitisha, tafadhali fika Kituoni wewe mwenyewe ukiwa na mashahidi wawili na barua ya mjumbe."

Taa ikawaka mara ya sita.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Siwatu, akilia waziwazi.

Kimya.

"Shikamoo, Mwalimu?"

Tulisikia kikohozi, na kitu kikichemka kwa nguvu. Lakini marahaba haikuja. Lazima uelewe uzito wa jambo hili. Mzee wa kwetu anaweza kukunyima chakula, anaweza kukunyima shamba, lakini shikamoo yako ataiitikia hata kama amekukasirikia. Kamati haikuwa imefikiria hali hiyo kabisa. Bila marahaba, simu haikuweza kuendelea, na haikuweza kufungwa. Juu ya mlango ikawaka taa nyekundu ambayo miaka yote mitano tulidhani ni ya kutujulisha kuwa chai iko tayari. Wenzetu wawili walisimama na vikombe.

Msimamizi alipiga simu kwa Mkurugenzi, Mkurugenzi akapiga simu kwa Waziri. Jalada moja lilikuwa wazi, na kesho Rais angekuja kutangaza kwamba yote yamefungwa salama. Mheshimiwa Kipengele akauliza ni la nani. Alipotajiwa jina akasema, "Nitakwenda mwenyewe. Nilikuwa mwanafunzi wake. Mimi ataniitikia."

*

Tulikwenda kwa magari matatu: la Waziri, la walinzi na la mpiga picha. Mimi nilipanda la mpiga picha ili niandike. Gari la msaada lilibaki Kituoni kwa sababu ya karatasi.

Langoni tulimkuta Mama Shija. Alikuwa amesimama pale tangu aliposikia harufu ya maharage kuungua, akitazama kibao, akikunja na kukunjua kanga yake.

"Bwana Fikirini," alisema, "naruhusiwa kunusa?"

Mlinzi mmoja alisukuma mlango, tukaingia jikoni. Moshi ulikuwa umetanda mpaka kwenye dari. Mwalimu Mwanaheri alikuwa amelala chini kati ya jiko na kabati, mguu wa kushoto umekaa vibaya, jasho limeloanisha kitambaa chake cha kichwa. Macho yalikuwa wazi. Alitutazama mmoja mmoja, kama alivyotutazama siku za ukaguzi wa kucha.

Waziri alifunga kifungo cha koti, akainama kidogo, mpiga picha akajiweka sawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Kimya.

"Shikamoo, Mwalimu wangu," alirudia, kwa sauti ya jukwaani. "Mwalimu, Serikali yako imefika. Serikali inayowajali wazee, Serikali sikivu, imekuja hapa jikoni kwako kuchukua marahaba moja tu. Moja, Mwalimu. Kwa faida ya taifa."

"Kipengele," alisema Mwalimu.

"Naam, Mwalimu!"

"Shikamoo maana yake nini?"

Waziri alikohoa. Si moshi peke yake. "Shikamoo, Mwalimu, ni salamu ya heshima ambayo kwa mujibu wa mila na desturi hutolewa na…"

"Sijakuuliza inatolewa na nani. Jibu swali uliloulizwa."

Mheshimiwa Waziri wa Utulivu wa Majumbani, mwenye nishani tatu kifuani, aliunganisha visigino vyake. "Nashika miguu yako, Mwalimu."

"Basi shika."

Waziri alimtazama msaidizi wake. Msaidizi akafungua Mwongozo.

"Miguu yenyewe hii hapa," alisema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika kwa maumivu. "Miaka mitano mnaniambia mnaishika. Asubuhi hii nimeambiwa mara sita. Shika, Kipengele. Wa kushoto polepole, umevunjika."

Wakati huo Mama Shija alikuwa amekwisha tupita, Tamko au pasipo Tamko. Alizima jiko, akafungua dirisha, akatandika mkeka kando ya Mwalimu na kutuamrisha kama watu wa kubeba magunia. "Wewe mwenye tai, chini huko. Fikirini, kiunoni. Wewe wa picha, weka hiyo takataka ushike kona." Basi tukambeba. Mama Shija mabegani, mimi katikati, na Mheshimiwa Sudi Kipengele amepiga magoti, kisha ameinuka, amekumbatia miguu miwili ya mwanamke mzee mwenye harufu ya maharage yaliyoungua, na machozi yanamtoka. Alisema baadaye ni moshi.

Tulimlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la Waziri. Hapo ndipo Mwalimu alipofumba macho akasema, "Marahaba, mwanangu."

Kidude shingoni mwake kikashtuka. "Habari za hapo?" iliuliza sauti ya Siwatu, na maskini alikuwa anauliza kweli.

"Nzuri!" tukaitikia kwa pamoja, Waziri, walinzi, mpiga picha na mimi. Si kwa ubaya. Tuliulizwa habari.

"Ila…" alianza Mwalimu.

Wimbo wa taifa ukapigwa. Kwa mujibu wa sheria tulisimama wima kando ya gari hadi beti zote mbili zilipokwisha, mikono ubavuni. Mama Shija peke yake ndiye aliyekuwa akimpigia dereva kelele aondoe gari.

*

Sherehe ilifana. Rais alitangaza kwamba nchi imetimiza miaka mitano bila hatari, na Waziri akapewa nishani ya nne kwa kushika miguu.

Kamati iliitishwa tena ili kuziba ule upenyo ambao Mwalimu aliutumia, na mimi nikateuliwa kuwa mwandishi wake. Kipengele muhimu kuliko vyote katika Toleo la Nane nilikitunga mwenyewe: "Mtumiaji ataitikia shikamoo ndani ya sekunde tatu, asipoitikia, itahesabiwa ameitikia." Kilisifiwa kwa ufupi wake. Mwaka uliofuata nikastaafu kwa heshima. Kwa kuwa ni mgane na ninaishi peke yangu, nikavishwa kidude shingoni na kupigiliwa kibao langoni.

Mwalimu Mwanaheri alirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, anatembelea fimbo. Kidude alikataa. Kibao chake aliking'oa, na Mama Shija anakitumia hadi leo kukatia mchicha. Kila siku saa nne asubuhi Mwalimu hupita mtaani akienda kununua maziwa, na akifika kwenye kila mlango wa mtu anayeishi peke yake anapiga fimbo chini na kuuliza, "Umeanguka?"

Hiyo ndiyo salamu yake sasa. Haulizi habari, haulizi hali. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakazoea, na mtaa mzima ukawa unajibu, "Sijaanguka, Mwalimu!" Mimi, kama mtumishi mstaafu, niliona ni utovu wa nidhamu kushiriki. Kila alipopita kwangu nilijibu kwa sauti ya kuonyesha mfano, "Salama, Mwalimu!" Naye alipita zake.

Wiki iliyopita, siku ya Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, nilikuwa naoga. Nilikanyaga sabuni.

Sitaeleza sana. Mguu ulipita chini ya sinki na ukatoa mlio. Nilibonyeza kitufe.

"Shikamoo, babu," ilisema sauti nisiyoijua, maana Siwatu alikwisha acha kazi.

Mimi si mjinga. Niliijua mbinu. Nilifunga mdomo, nikahesabu moja, mbili, tatu. "Marahaba imepokelewa," likasema Sikio la Taifa. Nilikitambua kipengele changu, na hata katika hali ile niliona kimeandikwa vizuri.

"Habari za hapo?"

"Nzuri," nikasema. "Ila…"

Nilijaribu tena na tena. Nililala pale kwenye vigae nikisikiliza wimbo wa taifa, povu limeingia jicho moja, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli. Nilimwaza yule jaji na mwiba wake. Niliwaza zile Salama elfu arobaini na moja nilizoziandika kwa mwandiko mzuri, nikajiuliza kila moja ilikuwa imelala kwenye sakafu gani. Nililia, sioni aibu kusema.

Kisha nikasikia fimbo. Tok. Tok. Ilikuwa inakuja upande wangu. Nikaanza kufanya mazoezi kimyakimya: nimeanguka, nimeanguka, nimeanguka. Fimbo ikasimama langoni.

"Fikirini! Umeanguka?"

Nikafungua kinywa, na kinywa changu, kilicholelewa na Serikali, kikajibu kwa sauti kubwa ya kuonyesha mfano:

"Salama, Mwalimu!"

Tok. Tok. Alikuwa anaondoka. Nilitaka kujing'ata ulimi. Tok. Halafu fimbo ikanyamaza. Nadhani sauti yangu ilitoka chini mno, au pengine aliisikia ikilia; sijawahi kumuuliza.

"Fikirini."

"Naam, Mwalimu."

"Nimekuuliza nini?"

Nina miaka sitini na mbili. Nilikuwa uchi, sabuni jichoni, mguu chini ya sinki, na nilijisikia nimesimama mbele ya ubao darasa la tatu.

"Umeniuliza kama nimeanguka, Mwalimu."

"Basi jibu swali uliloulizwa."

Ni neno dogo tu, lakini tangu niajiriwe Wizarani sikuwahi kutoa taarifa ya kweli kama ile.

"Nimeanguka, Mwalimu."

"Mama Shija!" aliita yule mama, na sauti ilivuka mtaa mzima. "Njoo na mchi!"

Mlango ulivunjwa kwa mapigo matatu. Mama Shija alinifunika kanga, akanishika mabegani, na mtaa ukaja kusaidia, wote wakiwa wametia sahihi Tamko mbele yangu mimi. Walipokuwa wananitoa bafuni, kidude shingoni kiliguswa na mkono wa mtu kikaamka. "Asante kwa kuwa salama," kikasema, bila hata kuuliza. Mwalimu Mwanaheri alikivua, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nacho kikaendelea kuimba wimbo wa taifa kwa mapovu mpaka katikati ya ubeti wa pili.

Hakuna aliyesimama wima. Mimi nilikuwa na udhuru.